Mhariri, kaseti zile zisitupwe

Mhariri,

Asalaam aleikum na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, gazeti nanunua pale Darajani kila Jumapili na sikumbuki kama nimewahi kukuandikieni, lakini makala yenu ya historia ya gemu imenikaa moyoni wiki nzima, nimelala nayo nimeamka nayo, mpaka nimeona bora niandike. Mwandishi kaanza na PlayStation, kaja kwenye simu, kamaliza. Kabla ya hapo katupa mstari mmoja tu, kwamba zamani kulikuwa na vigemu vya kaseti vya ajabu ajabu ambavyo havikuwa na maana yoyote. Sasa hapo ndipo nlipokwama, manake hivyo vigemu vya ajabu ajabu mimi nimekua navyo, na kwangu mimi vilikuwa na maana kuliko zile gemu za kupiga risasi ambazo kila mtu anazikumbuka.

Nieleze kwanza nilikuwa wapi. Nilipelekwa Uingereza mwaka 1983 nikiwa na miaka 11, nikakae kwa mama mdogo Portsmouth, upande wa Southsea, mji wa bandari, manowari zimejaa na baridi ya kuuma masikio. Waunguja tulikuwepo pale, sikukuu tunajuana wote kwa majina. Baba mdogo alikuwa na kompyuta aloinunua mtumba kwa mtu wa kazini kwake, ZX Spectrum, ile ya kampuni ya Clive Sinclair wa Cambridge ilotoka Aprili 1982. Ilikuwa kitu kidogo cheusi, ukubwa wake kama daftari, vitufe vyake vya mpira ukivibonyeza unahisi kama unabonyeza raba ya kufutia penseli. Mpya ilikuwa pauni 125 ile yenye kumbukumbu ya K 16, yani kilobaiti 16, na pauni 175 ile ya K 48, na sisi tulikuwa na ya 48, na nataka msomaji kijana aelewe hiyo 48 ni nini, yani picha moja tu unayotumiwa WhatsApp ya mtu anakula urojo inazidi hapo mara kadhaa. Ndani ya hiyo K 48 watu wakatia mji mzima, au skuli nzima na walimu wake, na nitakuja kueleza kuna mmoja alotia maisha ya mtu kutoka tumboni mpaka kaburini.

Haikuwa na skrini yake, unachomeka waya kwenye tivii pale pa antena. Wala haikuwa na diski. Gemu ilikuwa inakuja kwenye kaseti, kaseti hii hii ya muziki, na unaipiga kwenye redio kaseti ya kawaida halafu waya unatoka pale pa kuchomekea spika ya sikioni unaingia kwenye kompyuta, na kompyuta inasikiliza.

Hapa nataka nikae kidogo, Mhariri, kwa sababu hii ndiyo sehemu watu wasioiona hawawezi kuielewa. Pale kwa mama mdogo kulikuwa na droo moja chini ya tivii, na kaseti zote za nyumba zilikuwa ndani ya droo hiyo moja. Mlikuwa na kisomo cha Kurani, mlikuwa na taarab, mlikuwa na barua za bibi. Wale wenye jamaa nje miaka ile wanajua, watu walikuwa hawaandiki, wanazungumza kwenye kaseti, bibi anakaa barazani Ng'ambo anasema nusu saa nzima, anataja nani kaoa na nani kafa, anatusalimu mmoja mmoja, na nyuma yake unasikia jogoo na baskeli inapita na mtu anauza samaki, kisha kaseti inapewa mtu anayesafiri inatufikia Portsmouth. Basi kaseti za gemu zilikuwa zimechanganyika na hizo. Unatia mkono unatoa bibi, unatia tena unatoa gemu. Na mimi mtoto wa miaka 11 niloachana na bibi yangu mwezi mmoja tu uliopita nilikuwa naona ni jambo moja, sauti imefungwa ndani ya utepe wa kahawia na ukiwa na mashine ya kuifungua basi alo mbali anafika chumbani.

Sauti yenyewe ya gemu ikiwa inaingia, nani ataisahau. Kwanza mluzi mmoja mrefu, na kando ya skrini michirizi myekundu na ya samawati inateremka taratibu, kisha ghafla mkwaruzo mkali kama mvua ya mawe juu ya bati na michirizi inakuwa ya manjano na buluu, na picha inaanza kujengeka mstari kwa mstari, nyeusi na nyeupe kwanza, kisha rangi zinajimwaga. Gemu kubwa ilikuwa kama dakika tano. Hairuhusiwi mtu kupita chumbani akatikisa meza. Sauti ikiwa ndogo kompyuta haisikii, ikiwa kubwa inachafuka, na ukishafikia dakika ya nne na nusu inakuandikia imeshindwa kusoma, rudisha nyuma uanze upya. Mama mdogo ndiye alotupatia dawa. Aliona baba mdogo anahangaika kila jioni kuzungusha kile kinobu cha sauti, akaenda chumbani akaleta rangi yake ya kucha, nyekundu, akatia nukta moja juu ya kinobu na nukta moja kwenye redio pale ilipokubali. Toka siku hiyo ilikuwa nukta kwa nukta, na ikawa haishindwi. Redio ile ninayo mpaka leo na nukta zake zipo.

Sasa nije kwenye hizo gemu anazosema mwandishi wenu hazina maana.

Zipo zilokuwa vituko tu, sikatai. Kuna moja iloitwa Horace Goes Skiing ya mwaka 1982, kijitu cha buluu kisicho na shingo kinataka kwenda kuteleza kwenye theluji, lakini kwanza lazima kivuke barabara yenye magari kikakodi mbao za kutelezea, na kikigongwa kinalipia gari la wagonjwa, kwa hiyo unaweza kuishiwa pesa kabla hujaiona hata theluji. Mimi nlokuwa sijazoea barabara za kule nilikuwa nakipenda kile kijitu kwa moyo wote, namuona ni mgeni mwenzangu. Na kulikuwa na sahani za santuri zenye programu ndani yake, Pete Shelley aloimba na bendi ya Buzzcocks alitoa albamu mwaka 1983, mwisho wa nyimbo kuna ule mkwaruzo, unaurekodi kwenye kaseti, unautia kwenye Spectrum na maneno ya nyimbo na michoro yanatokea kwenye tivii wakati santuri inapiga. Watu wanaona leo video zenye maneno ya nyimbo ni kitu cha juzi. Na 1988 jarida la Your Sinclair lilifanya mzaha wa siku ya wajinga, likatoa gemu ya kukata majani, unashikilia kitufe kimoja mashine inakwenda inakata, basi, na watu wakaipenda mpaka wakawa wanaandika za kwao za kuiga hiyo hiyo. Ni upuuzi? Labda. Lakini hizi nazipita, maana hoja yangu haiko hapa.

Hoja yangu iko kwa watu wa Automata.

Automata ilikuwa kampuni ndogo sana, na ilikuwepo mji ule ule wetu, Highland Road, Southsea, mimi nilikuwa napita hapo nikienda kununuliwa viatu. Mwenyewe alikuwa Mel Croucher, na mwenzake Christian Penfold. Croucher alikuwa hapendi gemu za kuua. Wakati wenzake wote wanatengeneza vyombo vya angani vinavyopigana, yeye anatengeneza mafumbo na nyimbo, upande mmoja wa kaseti gemu, ukigeuza upande wa pili wanaimba. Walikuwa na kikaragosi chao, jitu la rangi ya waridi lenye pua kama mbilingani, likiitwa Piman, na picha zake zilikuwa zinatoka ukurasa wa nyuma wa gazeti la kompyuta la kila wiki, baba mdogo alikuwa akilinunua analianza kwa nyuma.

Mwaka 1982 walitoa gemu iitwayo Pimania. Ilikuwa fumbo, na zawadi yake haikuwa alama za kwenye skrini, ilikuwa kitu cha kushika, saa ya jua, ile ya kusoma wakati kwa kivuli, ya dhahabu yenye almasi, thamani yake pauni 6,000. Ukilitatua fumbo utajua mahali na siku ya kwenda, ukifika mahali hapo siku hiyo saa ni yako. Ukiwasha gemu inakwambia kuna ufunguo unaofungua, inanyamaza. Watu wakakaa wiki nzima hawajavuka hapo. Sasa kwa Kiingereza kitufe cha kibodi na ufunguo wa mlango ni neno moja, kwa hiyo ilibidi ujue kwamba unaambiwa ubonyeze kitufe, na kitufe chenyewe kilikuwa kile chenye alama ya pai, ile ya hesabu za duara, Kiingereza pi. Ukishaingia, hakuna kaskazini wala kusini, unakwenda kwa saa, unaandika 3 unakwenda upande wa saa tatu, unaandika 12 unakwenda mbele, na Piman anakutokea anacheza ngoma anakutukana.

Nilicheza na baba mdogo msimu mzima wa baridi. Tulikuwa na daftari, kila chumba tumekichora. Na sisi tulikuwa na jawabu, Mhariri, hili ndilo linaloniuma mpaka leo kwa namna nzuri, mimi nilikuwa nalo kichwani toka Unguja, kwa sababu mwalimu wetu wa hisabati alitukaririsha kama wimbo, pai ni ishirini na mbili kwa saba, ishirini na mbili kwa saba, darasa zima. Na Waingereza wanaandika tarehe siku kwanza kisha mwezi, kama sisi. 22/7. Tarehe 22 Julai. Nililiimba lile neno mbele ya ile tivii sijui mara ngapi, na halikunijia kwamba ni tarehe.

Ilichukua miaka mitatu mpaka saa ile ikapata mwenyewe. Tarehe 22 Julai 1985 wanawake wawili walifika kwenye kilima cha Hindover, karibu na Litlington, Sussex Mashariki, ambako kuna farasi mweupe mkubwa kachongwa kwenye chokaa ya kilima, na hapo ndipo palipokuwa. Siku moja tu kwa mwaka, ukikosa unangoja mwaka mwingine. Nilipokwenda tena Uingereza mwaka 2009 niliomba nipitishwe kule. Unasimama chini karibu na mto Cuckmere, unamuona farasi juu kasimama peke yake kwenye majani, na nikaona ajabu kwamba njia ya kufika hapa ilikuwa imefichwa ndani ya kaseti ilokaa droo moja na barua za bibi yangu. Nipeni gemu moja ya leo, yenye bajeti ya mamilioni, itakayomtoa mtu kwenye kochi ikampeleka kwenye kilima siku ilotoka kwenye hesabu.

Ya pili ndiyo kubwa, na kwa ajili ya hiyo hasa ndiyo nimeandika barua hii. Deus Ex Machina, 1984. Hiyo bei yake ilikuwa pauni 15 wakati gemu nyingine zilikuwa pauni tano, sita, na baba mdogo hakutaka kusikia, ilikuwa ni mimi nlotia pesa za idi na za kupeleka magazeti majumbani asubuhi mpaka zikatimia. Ndani ya boksi mlikuwa na kaseti mbili. Moja ya programu, moja ya sauti tupu, kwa sababu Spectrum haikuwa na uwezo wa sauti, ilikuwa na kijispika kinacholia pii pii basi. Kwa hiyo Croucher alisema kama mashine haiwezi kuimba tutaiimbia pembeni. Akatunga muziki karibu saa nzima, akatafuta watu wakubwa, Ian Dury mwimbaji, Jon Pertwee mwigizaji wa Doctor Who ya kwenye tivii, Frankie Howerd mchekeshaji, mpaka mwanahistoria E. P. Thompson ana sauti yake mle, na programu akaiandika Andrew Stagg ili picha zitembee sawasawa na kaseti. Unaitia gemu, ukimaliza unachomoa waya ili sauti itoke nje, unaweka kaseti ya pili, na lazima uanzishe vyote viwili kwa pamoja, ukichelewa sekunde mbili mtoto anazaliwa kabla wimbo wa kuzaliwa haujaanza.

Nasema mtoto kwa sababu gemu ni maisha ya mtu mmoja. Imejengwa juu ya yale maneno ya Shakespeare ya enzi saba za mwanadamu, mtoto mchanga, mtoto wa skuli, mpenzi, askari, hakimu, mzee, kisha utoto wa pili. Dunia inatawaliwa na mashine, panya wa mwisho anaachia kinyesi chake ndani ya mashine, na kutokana na hilo kosa anatokea binadamu asiyetakiwa. Wewe unamlea. Alama zako zinahesabiwa kwa asilimia na kila ukikosea zinapungua, na hakuna kufa, hakuna kurudia, ukicheza vizuri ukicheza vibaya unakwenda mpaka mwisho wake, uzee unafika vile vile. Nilikuwa na miaka 12. Sikuwa nimewahi kuona gemu isiyokuuliza umeshinda au umeshindwa.

Mama mdogo alikuwa jikoni anapika siku ya kwanza nlipoicheza, akasikia sauti, akaja na mwiko mkononi akasimama mlangoni, kisha akakaa kwenye mkono wa kochi. Hakusema kitu. Ilipofika uzee, yule mtu kwenye skrini akawa anajikongoja na muziki umekuwa mpole, mama mdogo akauliza, huyu hana watu wake? Nikamwambia hana, ni mashine tu. Akasema, basi mchezeshe pole pole. Nakumbuka mpaka harufu ya mchuzi ulokuwa unashika chini. Mwaka ule ndio bibi alianza kuumwa, na kaseti zake zikawa fupi.

Haikuuzika, ile gemu. Waandishi waliisifu lakini sokoni haikwenda. Lakini mnaponiambia haikuwa na maana nawauliza, leo gemu zinazosifiwa kuwa ni sanaa, zenye waigizaji na muziki wa okestra na habari ya maisha na mauti, nani alifanya kwanza? Ilifanyika Portsmouth na watu wachache kwenye K 48, na ilibidi muziki wakuletee kwenye kaseti nyingine kwa kuwa mashine haikuuweza.

Najua kwa nini huku kwetu habari hizi hazijulikani na simlaumu mwandishi wenu kwa hilo, labda ni kijana. Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na Bara hata tivii hamkuwa nayo mpaka miaka ya 90, sisi Unguja tivii ya rangi tulikuwa nayo toka miaka ya 70 lakini ya kuchomeka kompyuta nani alikuwa nayo. Kwa hiyo nliporudi likizo nikiwahadithia wenzangu habari za Piman walidhani natunga. Lakini najua pia kuna watu hawako wachache, wa Unguja, Mombasa, Dar, walokulia London na Leicester na Maskati, walokuwa na Spectrum au Commodore au zile Sakhr za Kiarabu, wakarudi na maboksi, na maboksi yako darini mpaka leo. Hao ndio nlokusudia waisome barua hii.

Kwa sababu kaseti zinakufa, Mhariri. Utepe una vumbi la chuma lilogandishwa kwa gundi, na joto letu hili na unyevunyevu wa pwani unaifanya gundi iachie, kaseti inatoa unga, inanata kwenye kichwa cha redio, na kwa gemu ni vibaya zaidi kuliko kwa nyimbo. Wimbo ukikatika nusu sekunde unaendelea kuusikiliza. Gemu ikipotea kipande kidogo tu katikati imekwenda yote, haifunguki. Zile maarufu zimeshahifadhiwa, watu wa Ulaya wamezigeuza kuwa mafaili na unaweza kuzicheza kwenye simu yako usiku huu, na kule Cambridge kuna makumbusho ya historia ya kompyuta wanazo mashine zenyewe. Lakini wakati ule kila mtoto alikuwa anaandika za kwake. Mashine ukiiwasha tu iko tayari kuandikiwa programu, huna pa kuanzia pengine. Mimi niliandika moja ya bao, ilikuwa haijui kucheza vizuri lakini ilikuwa inahesabu kete. Rafiki yangu mmoja pale Southsea, baba yake alikuwa Mngazija, aliandika ya dhau inayokwepa miamba. Hizo hazipo Cambridge. Zipo kwenye kaseti yenye karatasi ilofutika, kwenye boksi la viatu, na siku mzee akifa watoto wanasafisha chumba wanaona takataka.

Naomba basi mtu akikuta kaseti ya namna hiyo asiitupe na wala asikimbilie kuipiga. Asiiweke karibu na spika. Aizungushe kwa mkono kwa kalamu kidogo aone kama inakwenda, kama inanata aiache hivyo hivyo ampelekee mtu anayejua. Ikiwa inakwenda, iingizwe kwenye kompyuta mara moja tu kama sauti ya kawaida, isibanwe kuwa MP3, ihifadhiwe nzima, mengine yatashughulikiwa baadae. Akisikia mluzi mrefu na mkwaruzo, asidhani kaseti imeharibika. Hiyo ndiyo gemu. Nimeona kwa macho yangu mtu anatupa kaseti kumi na mbili kwa sababu alisikia ule mkwaruzo akasema hii imekwisha.

Ile yangu ya Deus Ex Machina, ile ya sauti, haiko nzima. Mwaka 1987 dada, mtoto wa mama mdogo, aliolewa, na harusi ikafanywa kwenye ukumbi pale Portsmouth, na ndugu yangu mmoja alopewa kazi ya kurekodi akakosa kaseti tupu dakika ya mwisho. Akatia mkono kwenye droo. Zile za kununua zinakuwa zimevunjwa kile kimeno cha juu ili mtu asirekodi juu yake, yeye akaziba kitundu kwa selotepu, akarekodi. Niligundua baada ya siku tatu na nilikasirika vibaya sana, nilikuwa na miaka 15, sikusema naye mwezi mzima, na hakuelewa kwa nini, kwake yeye ilikuwa kaseti ya Kizungu yenye kelele.

Mwaka jana niliitoa nikaitia kwenye kompyuta, nikaisikiliza yote kwa mara ya kwanza tangu siku zile. Upande wa kwanza wote ni harusi, upande wa pili pia, watu wanaimba, sahani zinagongana, mtu anaita watoto wasikanyage waya. Mama mdogo, Mungu amrehemu, amefariki miaka sita sasa, na sina picha yake inayosema wala video. Yumo mle. Anapiga vigelegele karibu kabisa na redio, virefu, anavuta pumzi anaanza tena, kisha anacheka anasema basi jamani tumechoka. Hapo kurekodi kunakatika, tak, na bila ya nafasi yoyote unaingia ule muziki mpole wa uzee, zimebaki dakika kama nne za mwisho wa ile gemu ambazo harusi haikuzifikia.

Nimeihifadhi hivyo hivyo ilivyo, faili moja, sikukata.

Msomaji wenu,
Mwanakwerekwe, Unguja